Katika Kipilefti Hakuna Mkubwa

Neno kipilefti lina historia ya kuchekesha kidogo. Lilizaliwa na amri ya Kiingereza iliyokuwa ikiandikwa kwenye mabango ya barabarani, amri ya kumtaka dereva ashike upande wa kushoto. Waswahili walipoisikia silabi ya kwanza ya amri hiyo ikifanana na ile ya kitabu na kiti, hawakusita. Waliliingiza neno katika ngeli ya vitu, na vilipokuwa viwili wakaviita vipilefti. Walimu wa sarufi hulitumia neno hilo kuwaonyesha wanafunzi jinsi lugha inavyoweza kumpokea mgeni na kumfundisha adabu ya nyumba. Jambo la kusikitisha ni kwamba neno lilikubali kutii kanuni siku ile ile lilipofika, lakini wengi wa wale wanaokizunguka kipilefti chenyewe hawajakubali hadi leo.

Saa za kutoka kazini hali haitofautiani sana kutoka mji hadi mji. Atakayesimama kwa robo saa kando ya Sanamu ya Askari jijini Dar es Salaam, au karibu na Mnara wa Saa wa Arusha, ambao wageni huambiwa kwamba ndio nusu ya safari ya kutoka Kairo hadi Cape, au penye mnara wa Moshi, au penye sanamu ya samaki mjini Mwanza, atajionea mwenyewe. Gari lililoshika njia ya kushoto hukata ghafla mbele ya mengine ili liende kulia. Lililo katika njia ya kulia nalo, kwa kuwa dereva wake hakujipanga mapema, huvuka njia nzima ili litokee kushoto, na wala haliwashi taa ya ishara. Katikati ya njia mbili zilizochorwa, mwenye haraka huanzisha ya tatu, na anayemfuata huanzisha ya nne kwa kupanda ukingo. Daladala hushusha abiria mdomoni mwa kipilefti. Pikipiki hupenya upande wa ndani, karibu na bustani, na mkokoteni hubaki umekwama pembeni bila kujua zamu yake ni ipi. Madereva wenyewe wameyapa mambo haya majina, kuchomekea na kutanua, na si kawaida ya watu kulipa jina jambo wanalolifanya mara moja kwa mwaka.

Kanuni yenyewe si ndefu. Kwa kuwa magari hapa nchini hushika kushoto, mzunguko hufuata mwelekeo wa mishale ya saa. Anayeingia humpisha aliyekwisha kuingia, yaani yule anayetokea kulia kwake. Anayekwenda kushoto hushika njia ya kushoto na kuwasha taa ya kushoto kabla ya kufika. Anayekwenda moja kwa moja hushika pia njia ya kushoto, isipokuwa michoro ya barabarani imeruhusu vingine, na huwasha taa ya kushoto akiisha kuupita mlango wa kutokea ulio kabla ya wake. Anayekwenda kulia, au anayetaka kurudi alikotoka, hushika njia ya kulia tangu mapema, huwasha taa ya kulia, huzunguka karibu na kitovu, na akikaribia mlango wake huwasha taa ya kushoto, hutazama, kisha hutoka. Basi. Mtoto wa darasa la tano anaweza kuichora kanuni hii ubaoni akaieleza kwa wenzake, na pengine akaieleza vizuri kuliko baba yake mwenye leseni.

Inafaa kukumbuka kwamba sharti la kumpisha aliye ndani halikuja pamoja na vipilefti vya kwanza. Mwanzoni mwa karne ya 20, Eugène Hénard, msanifu wa mji wa Paris, alipendekeza magari yazunguke njia panda kwa mwelekeo mmoja, na mwaka 1905 utaratibu wa namna hiyo ulianza kutumika katika Columbus Circle, New York. Mji wa Letchworth, Uingereza, ulijenga mzunguko wake yapata mwaka 1909. Kwa miaka mingi baada ya hapo hapakuwa na kauli moja juu ya nani asubiri. Aliyekuwa akiingia alijiona ana haki sawa na aliyemo, na pengine zaidi. Magari yalipokuwa machache jambo hilo halikudhuru. Yalipoongezeka, mizunguko ilianza kujifunga kama fundo. Baada ya majaribio, mwezi wa Novemba 1966 Uingereza iliifanya kanuni ya kumpisha anayetokea kulia kuwa ya nchi nzima, na mizunguko ile ile iliyokuwa ikilaumiwa ikaanza kupitisha magari mengi zaidi bila kuongezewa lami.

Jinsi fundo hilo linavyofungwa ni vema kuieleza, maana wengi hudhani kwamba msongamano huletwa na wingi wa magari tu. Chukua kipilefti cha barabara nne. Dereva anayetoka kusini akijisukuma ndani bila nafasi, humsimamisha aliyeingia kutoka mashariki. Foleni ya huyo wa mashariki hurudi nyuma hadi ikaziba mlango wa kutokea mashariki, na aliyeingia kutoka kaskazini, ambaye alitaka kutokea hapo hapo, hukwama. Foleni ikizidi kurudi nyuma huziba mlango wa kaskazini. Na kaskazini ndiko yule wa kwanza, aliyejisukuma, alikokuwa akienda. Kwa hiyo mtu huyo amejifungia mlango wake mwenyewe, kisha anapiga honi kuwalaumu walio mbele yake. Angalisubiri sekunde chache nje ya duara, wote wanne wangalikwisha kupita.

Upo pia upande wa uhai wa watu. Wahandisi huhesabu kwamba njia panda ya kawaida ya barabara nne ina sehemu 32 ambapo njia za magari hukutana na kuweza kusababisha mgongano, nayo ile ya mzunguko wenye njia moja ina 8 tu. Zaidi ya hayo, katika mzunguko hakuna mgongano wa uso kwa uso wala wa ubavuni kwa mwendo mkali, kwa sababu kila gari limelazimishwa kupunguza mwendo na kuelekea upande mmoja. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2000, kuhusu njia panda zilizogeuzwa kuwa mizunguko, ulionyesha kwamba ajali zote zilipungua kwa zaidi ya theluthi, na zile za kujeruhi zilipungua kwa takriban robo tatu. Lakini faida hiyo huwa kamili pale ambapo njia ni moja. Njia zikiwa mbili, hatari iliyotolewa mlangoni hurudi kupitia dirishani, nayo ni hatari ya gari moja kuikata njia ya jingine ndani ya duara. Ndiyo maana kushika njia sahihi kabla ya kuingia si urembo wa mitihani ya udereva.

Madereva wa daladala ndio wanaolaumiwa kwanza kila suala hili linapozungumzwa, na wengi wao wanastahili lawama. Hata hivyo, haki yataka sababu zao nazo zisikilizwe. Dereva wa daladala kwa kawaida hulala na kuamka na neno moja, hesabu. Ni fedha anazotakiwa kumpelekea mwenye gari kila jioni, iwe mvua imenyesha au haikunyesha, na kinachobaki baada ya mafuta ndicho chakula cha nyumbani kwake na kwa konda wake. Kila dakika anayokaa katika foleni inatoka mfukoni mwake. Mwenye bodaboda hali yake haiko mbali na hiyo, hasa ikiwa pikipiki si yake. Shida hizi haziwapi ruhusa ya kuhatarisha maisha ya abiria. Zinaeleza tu kwa nini mahubiri matupu hayajawabadilisha, na kwa nini wenye vyombo hivyo, ambao hawaonekani kamwe barabarani, wanapaswa nao kuulizwa maswali.

Lakini lipo kundi lisilo na udhuru wa hesabu. Ni magari yenye namba za STK, za SU, za SM, za DFP. Dereva wa gari la namna hiyo analipwa mshahara mwisho wa mwezi, afike saa tisa au saa tisa na dakika kumi. Mafuta yamelipiwa. Gari lenyewe limenunuliwa kwa fedha za wananchi, wakiwamo wale wanaosimama juani kituoni wakilitazama likipita. Ikiwa kuna gari ambalo halina sababu yoyote ya kuchomekea, ni hili. Na bado si nadra kuliona likiwasha taa za mbele mchana kweupe, likitanua kulia kwa foleni nzima, kisha likijipenyeza mdomoni mwa kipilefti kana kwamba lile duara lilichorwa kwa ajili yake.

Hapo swali haliko kwa dereva peke yake. Madereva wengi wa serikali ni watu wazima waliofundishwa kazi yao vizuri kuliko wengi barabarani. Wakiwa peke yao garini huendesha kwa utulivu. Mambo hubadilika anapokuwapo mtu katika kiti cha nyuma. Mtu huyo ana faili mapajani au simu mkononi, na bila kuinua macho husema, "Pita hapo, tunachelewa." Kauli hiyo fupi haimo katika Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, lakini kwa dereva ina nguvu kuliko sheria hiyo, maana anayeitoa ndiye atakayesaini fomu ya tathmini yake na maombi yake ya likizo. Ajali ikitokea, dereva ndiye atakayekwenda kituo cha polisi kuandika maelezo. Afisa atapigia simu ofisi, litaletwa gari jingine, na kikao kitaanza bila dosari.

Sheria inayajua magari yenye haki ya kupishwa, na haikuyaficha. Gari la wagonjwa, gari la zimamoto na gari la polisi lililo katika kazi ya dharura hupishwa na kila mmoja, na hakuna mwenye akili timamu anayelalamika. Afisa aliyechelewa semina hayumo katika orodha hiyo. Tena wapo wanaolifuata gari la wagonjwa kwa nyuma, mita chache, ili wapite katika upenyo uliofunguliwa kwa ajili ya mtu anayepigania roho yake. Tabia hii haihitaji maelezo marefu.

Gari la ofisi likijipenyeza, nyuma yake hufuata magari sita ya watu binafsi, kisha daladala, kisha bodaboda. Kila mmoja amepata ruhusa aliyokuwa akiitafuta. Mwananchi aliyekuwa akisubiri zamu yake kwa uaminifu hujifunza somo ambalo hakuna warsha ya utawala bora itakayolifuta, nalo ni kwamba foleni imewekwa kwa ajili ya kabwela. Kesho yake mtu huyo huyo anafika katika ofisi ya umma kutafuta hati au kibali. Akikuta foleni dirishani, atatafuta mlango wa nyuma, na mtumishi atamshangaa.

Yafaa pia kumtazama askari wa usalama barabarani, yule ambaye wananchi humwita trafiki. Kipilefti kikisha kufungwa, au taa za njia panda ya jirani zikizimika, yeye ndiye anayelifungua fundo, na anafanya hivyo juani na mvuani. Kwa kazi hiyo anastahili shukrani. Tatizo huanza pale anapokuwa sehemu ya kudumu ya kipilefti, asubuhi na jioni, siku zote za juma. Akiwa na barabara nne za kuhudumia na mikono miwili, hulazimika kuushikilia upande mmoja kwa dakika nyingi huku mwingine ukimiminika. Ule upande ulioshikiliwa hurefuka hadi ukafika njia panda nyingine na kuifunga nayo. Akiuachia, wote hukimbilia duarani kwa hofu ya kushikiliwa tena, wala hawajali njia ya kushoto wala ya kulia. Kipilefti ambacho kingegawa nafasi chenyewe kwa sekunde tatu tatu kimegeuzwa kuwa lango la boma. Walimu wanalijua jambo hili kwa mfano wa darasani. Darasa linalonyamaza tu wakati mwalimu amesimama mlangoni bado halijafundishika. Ingefaa zaidi askari huyo asimame hatua chache kabla ya kipilefti, mahali ambapo madereva huanza kutanua, na mwenzake asimame wanapotokea. Hapo angeandika majina ya wachache kila siku, wakiwamo wa magari ya ofisi, na habari zingeenea zenyewe.

Majirani nao wamewahi kujaribu njia za mkato. Mwaka 2015 Serikali ya Kaunti ya Nairobi iliweka mapipa katika baadhi ya mizunguko ya barabara kuu za jiji hilo ili kuzuia magari yasikate kulia. Mapipa yale yalizua kicheko kingi na kero nyingi, na hayakudumu. Nchini Tanzania fedha nyingi zimetumika kwa jambo la maana zaidi, yaani barabara za juu. Ile ya Tazara ilifunguliwa mwaka 2018, na ile ya Ubungo mwaka 2021, na hakuna asiyeona nafuu iliyopatikana. Lakini hakuna serikali duniani inayoweza kujenga daraja juu ya kila njia panda ya kila mji, na hata magari yaliyopita juu ya daraja hushuka upande wa pili yakakutana na madereva wale wale.

Anayeumia zaidi katika vurugu hii hana gari. Dereva anayetaka kuingia katika kipilefti kwa nguvu hutazama kulia peke yake, akivizia upenyo. Mguu wake uko kwenye mafuta, shingo imegeuka, na upande wa kushoto, penye mistari ya kuvukia, hauoni. Hapo ndipo anapopita mwanafunzi aliyeteremshwa na daladala mahali pasipo kituo, kwa kuwa konda hakutaka kumbeba kwa nauli ya mwanafunzi hadi mbele. Mtoto huyo anavuka mlango wa kuingilia, halafu anasubiri kuvuka ule wa kutokea. Magari yanamjia kutoka ndani ya duara. Hajui lipi litatoka na lipi litaendelea kuzunguka, kwa sababu taa ya ishara haikuwashwa. Ile taa ndogo ya manjano, ambayo madereva wengi huiona kuwa ni adabu ya hiari, kwake ndiyo neno pekee analoweza kuambiwa na mtu aliye ndani ya gari lililofungwa vioo. Akinyimwa neno hilo, hubahatisha. Wakubwa nao hubahatisha, ila wao wana miguu mirefu na uzoefu wa kuruka. Shule zilizo karibu na vipilefti zinajua gharama yake, na baadhi ya walimu wamekuwa wakiacha kazi zao za mchana ili kwenda kuwavusha watoto kwa mikono.

Yako mambo yanayoweza kufanywa bila kusubiri bajeti kubwa. La kwanza ni rangi. Dereva mgeni mjini hawezi kushika njia iliyo sahihi ikiwa mishale ya kumwelekeza imefutika, au imechorwa pale pale mdomoni, ambapo amekwisha kuzungukwa na magari pande zote. Mishale hiyo inapaswa kuanza mbali, mahali ambapo mtu bado anaweza kuhama njia kwa salama, na ichorwe upya kila inapofifia. TANROADS katika barabara kuu na TARURA katika barabara za mijini wanaijua kazi hiyo. Vituo vya daladala vilivyo mdomoni mwa vipilefti visogezwe, na halmashauri zisingoje hadi mtu afe ndipo zisogeze. Vyuo vinavyofundisha udereva, kuanzia Chuo cha Taifa cha Usafirishaji na VETA hadi vile vya watu binafsi vyenye gari moja na mwalimu mmoja, viwapeleke wanafunzi kwenye kipilefti chenye njia mbili saa za foleni, si alfajiri ya Jumapili. Anayetahiniwa akishindwa hapo, arudi kujifunza.

La ofisini ni rahisi kuliko yote. Kila gari la serikali lina kitabu cha safari ambamo dereva huandika saa ya kutoka, saa ya kurudi na jina la afisa aliyembeba. Faini ya barabarani inapoletwa ofisini, afisa usafirishaji anaweza kukifungua kitabu hicho katika ukurasa wa siku ile, akasoma jina la aliyekuwa katika kiti cha nyuma, na kumpelekea yeye barua ya kujieleza siku ile ile anayoandikiwa dereva. Fedha nazo zikatwe kwa mafungu mawili.